Mwalimu Tuliyemwita Spea

Ule ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Anayetaka tarehe akawaulize wenye kalenda. Mimi naujua kwa pua. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yetu meupe yakaisha madukani, ikabidi nchi iletewe mahindi ya ng'ambo, ya njano kama kiini cha yai, yenye harufu ya gunia lililolala kwenye maji. Ukisonga ugali wa ule unga, chumba kizima kinanuka kama zizi lililooshwa kwa sabuni. Watu wa mtaa wetu wa Lindi, pale Kibera, walisema ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu, wakasema utawafanya wanaume wasizae, wakasema hivi na vile, kisha wakapanga foleni tangu alfajiri, wakaununua na kuula wote. Nami niliula. Niliula na sukuma wiki, nikaula na maji ya chumvi, nikaula huku nikinusa samaki wa jirani. Hadi leo mtu akiniwekea kitu cha njano kwenye sahani, naisukuma sahani kabla jicho halijatambua ni nini.

Nilikuwa nimeletwa Nairobi mwaka huohuo kutoka kwetu Kabras, magharibi, nikiwa na mapengo ya meno ya utoto. Sikuletwa kusoma. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi Waluhya humwita Senje, alikuwa amejifungua msichana, Rispa, na alikuwa anatafuta mgongo. Hivyo hasa ndivyo alivyomwambia baba: "Nipe mmoja mwenye mgongo." Nikatolewa mimi, Nanjala. Hilo ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, kwa hiyo njaa na mimi tulikuwa tunajuana tangu zamani. Senje aliondoka kabla jua halijachomoza kwenda Marikiti kuchukua mboga za kuuza, mume wake akaenda mjengoni, nami nikabaki na Rispa nimemfunga kwa leso, nikizunguka kwenye vichochoro, nikiruka mitaro ya maji meusi, huku kichwa chake kikinigonga kati ya mabega. Mgongo wangu ulikuwa unanuka mkojo wa mtoto asubuhi hadi jioni. Watoto wenzangu walinipa jina, Mama Mtoto, na waliniita hivyo kwa wimbo.

Shule niliifuata kwa ajili ya uji, sitadanganya. Kulikuwa na kanisa la udongo na mabati chini kidogo, na ubavuni mwake vyumba viwili vya shule. Saa nne walimu walitoa sufuria kubwa nje, uji wa unga uleule wa njano, lakini wenye sukari, na harufu ya ile sukari ilinifuata hadi kwenye kona nilikokuwa nikimbembeleza Rispa. Siku moja nikajipanga kwenye foleni na kikombe cha bati kana kwamba mimi ni mtoto wa pale. Aliyekuwa akigawa ni mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, tumbo likianza kuonyesha mimba. Akanitazama, kisha akakitazama kichwa kilichokuwa kikining'inia nyuma ya bega langu.

"Wewe uko darasa gani?"

Mtoto mmoja nyuma yangu akasema, "Mwalimu, huyo ni yaya tu! Ni Mama Mtoto!"

"Nimekuuliza wewe, mdomo kengele?" akamjibu bila kugeuka. Akanijazia kikombe hadi ukingoni. "Huu uji ni wa wanafunzi. Kunywa, halafu uingie ndani uwe mwanafunzi, nisionekane nagawa chakula cha watu ovyo."

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa shule. Huyo ndiye Mwalimu Truphena, na sijawahi kupendwa na mtu kwa haraka namna ile. Nilipoketi kwenye benchi siku ya kwanza, Rispa alianza kulia, nikainuka nitoke. Yeye akaja, akafungua leso mgongoni pangu kwa mikono yake mwenyewe, akasema mgongo huo ni mdogo, lete huku, akamfunga kwenye mgongo wake mpana, akarudi ubaoni na chaki yake. Alifundisha hivyo kila siku. Ba, be, bi, bo, bu, akiyumba kulia na kushoto ili Rispa asinzie, nasi sote kwenye mabenchi tukayumba naye. Hata leo nikisoma neno refu, mwili wangu unayumba kidogo. Mvua ilipokuwa na nia ya kunyesha alivaa sweta ya rangi ya damu ya mzee, iliyotiwa kiraka cha uzi wa kijani kwenye kiwiko. Rispa alikuwa akiota meno. Mwalimu alipomgeuza kumpakata kifuani, Rispa alikishika kifungo cha pili kutoka juu akakitafuna, na Mwalimu akamwacha, hata kifungo kikawa na alama za meno pande zote kama mfupa uliopitiwa na mbwa.

Alikwenda mwenyewe kuongea na Senje. Aliketi juu ya kitanda, maana kiti hakikuwapo, akanywa maji, akasema, "Mama Rispa, mtoto wako namlea bure, na huyu wako mwingine namsomesha. Wewe unapoteza nini?" Senje alitafuta anachopoteza, asikione. Lakini elewa jambo hili, kwa sababu ndilo lililokuja kuniumiza: nafasi yangu shuleni haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa ndani ya moyo wa mwanamke mmoja. Akiwapo, nipo. Asipokuwapo, mimi ni mgongo.

Jumatatu moja hakuja. Mwalimu mkuu, Mzee Japheth, aliingia akiwa ameshika kofia, akatuambia, "Mwalimu Truphena amesafiri," akatoka kabla hatujauliza ni wapi. Tulijua anaishi Kawangware, na kwamba kila asubuhi anatembea kwa miguu kuja Kibera, lakini Kawangware kwangu ilikuwa mbali kama Uganda. Siku zikapita, mwanafunzi mkubwa akitusimamia na fimbo. Nilimuuliza Senje, naye akaanza kuzungumza juu ya bei ya nyanya. Nilimuuliza mama aliyepika uji, akanijazia kikombe na kuniambia ninywe kabla hakijapoa. Watu wazima wote walikuwa wanajua kitu, na wote walikuwa wamefunga midomo kwa uzi mmoja.

Ndipo akaletwa yule mwingine. Mwembamba, kijana hata sisi tuliona ni kijana, kitambaa cha kichwa amekifunga chini hadi kwenye nyusi, sauti yake imejificha kooni. Mzee Japheth alisema anaitwa Mwalimu Jerusa na atashikilia darasa. Alipogeuka kuandika tarehe, chaki ilimlilia ubaoni hadi tukaziba masikio. Kabla ya saa nne alikuwa ameshapewa jina: Spea. Kama lile gurudumu linalofungwa nyuma ya lori, la kusubiri lile la kweli litengenezwe. "Mwalimu Spea, naomba ruhusa!" walimwambia usoni, na yeye, maskini, akaitikia.

Alipomwona Rispa mgongoni mwangu, aliganda. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mtoto abaki nje."

"Mwalimu Truphena anambeba," nikasema.

"Mtoto abaki nje."

Nitambakishaje nje mtoto asiyejua kutembea, Lindi? Nikaketi kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, Rispa kwenye mapaja, nikayafuata masomo kwa shingo iliyopinda. Akilia, natoka naye. Akinyamaza, narudi, na nakuta wamefika herufi nyingine. Nilimchukia yule mwanamke kwa moyo safi. Kila jioni nilipanda hadi kwenye reli, Rispa mgongoni, nikasimama nikitazama watu wanaoshuka kutoka Barabara ya Ngong, nikitafuta mwendo wa mtu mnene mwenye mimba. Nilijua akirudi atamwambia huyu Spea afunge vitu vyake aende, kisha atafungua leso yangu aseme, lete huku.

Ikaja baridi ya Julai, ile ya Nairobi yenye ukungu unaolala juu ya mabati hadi karibu adhuhuri. Asubuhi moja Spea aliingia amevaa sweta. Mimi sikuitazama kwanza, nilikuwa napangusa pua ya Rispa. Ni Rispa aliyeitazama. Alijichomoa mikononi mwangu, akavuka kizingiti akitambaa, akapita katikati ya miguu ya watoto, tap, tap, tap kwenye sakafu ya udongo, hadi mbele. Spea alikuwa ameinama kuokota chaki. Rispa akajishikilia kwenye sketi yake, akasimama, akanyoosha mkono, akakipata kifungo cha pili kutoka juu, akakitia mdomoni.

Nikaona kiraka cha kijani. Nikaona zile alama za meno. Na mimi nilikuwa nimeshakaa Lindi vya kutosha kujua nguo hutokaje kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine: zinaanikwa kambani, mwenyewe anasafiri, na mwizi anapita. Nikaruka juu, nikaushika mkono wa ile sweta kwa mikono yangu yote miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Mwizi! Huyu ni mwizi! Amevaa sweta ya Mwalimu!"

Kwa wasioijua Kibera: neno hilo halitamkwi kwa mchezo. Nyuma ya ukuta wetu kulikuwa na karakana ya maseremala. Nyundo zilinyamaza mara moja. Wakaingia kwa mlango mmoja, wakisukumana, mbele yao Baba Zablon, mtu wa mabega, ameshika ubao wenye misumari.

"Yuko wapi? Mwizi ni nani?"

"Huyu!" nikalia. "Hii sweta si yake!"

Darasa zima likaitikia, Spea mwizi, Spea mwizi, wakipiga mabenchi. Yeye hakukimbia. Alimwinamia Rispa akamkumbatia, nadhani alifikiri wale wanaume watamkanyaga, na mimi nikazidi kuvuta ule mkono, na katika kuvutana huko kile kitambaa cha kichwa kikateleza kikaanguka begani.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Sisemi nywele fupi. Kilinyolewa kwa wembe, na nywele mpya zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua, nyembamba kama masizi ya sufuria. Mabenchi yakanyamaza. Wengi wetu mle tulikuwa watoto wa magharibi, na hata aliyekuja mjini akiwa tumboni alijua. Kwetu mtu akizikwa, ndugu zake wa damu hunyolewa matanga yakikaribia kuvunjwa, na hapohapo nguo za marehemu hugawanywa kwa watu wake. Kaka anapewa koti. Dada anapewa sweta.

"Amenyolewa," akasema msichana wa benchi la mbele, Andisi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma.

Baba Zablon aliulaza ule ubao chini polepole, kama anayelaza mtoto. Akavua kofia. "Pole, dada," akasema. "Mlimzika nani?"

"Truphena," akasema. "Dada yangu. Hii sweta nilipewa."

Mikono yangu ilikuwa bado imeushika ule mkono wa sweta. Sikuuachia. Watu walidhani nina hasira bado, mmoja wa wale maseremala akaja kunibandua vidole kimoja kimoja, akiniambia, wacha sasa, mama, wacha. Hakuelewa. Nilikuwa nimekishika kilichobaki.

Baadaye ndipo nilipopata maneno ya kuziba mapengo. Mwalimu Truphena alikuwa amekufa akijifungua, na mtoto, mvulana, akapona. Jerusa alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyekatiwa masomo ya sekondari, na Mzee Japheth alimkubali ashikilie darasa kwa sababu ya dada yake, lakini kwa sharti kwamba watoto wasiambiwe. Ndivyo watu wetu walivyofanya. Mtoto haambiwi kifo. Anaambiwa fulani amesafiri, na mazungumzo yanahamishiwa kwenye nyanya. Walidhani wanatuhurumia. Wakamwacha yule msichana asimame mbele yetu kila siku akiwa na msiba wake chini ya kitambaa, akiitwa Spea na wanafunzi wa dada yake. Watu huniuliza kama naona haya kwa kumwita mwizi. Sioni. Nilisema nilichokiona. Wenye haya wawe wale waliojua.

Siku iliyofuata sikwenda. Wala ya pili yake. Asubuhi nyingine nikasikia mtu anabisha kwenye bati la chumba chetu, Senje akiwa ameshaondoka. Alikuwa Jerusa. Alikuwa na mtoto mgongoni, mchanga kabisa, mwenye mwanya ambao bado haukuwa na meno ya kuuzunguka, au labda nilitaka tu kuuona. Hakuingia. Alisema, "Huyu ndiye alinifanya nikufukuze. Namwacha kwa jirani Kawangware, na mtoto yeyote akilia, maziwa sina, lakini kifua kinauma. Leo nimekuja naye. Njoo na wako." Nikamfunga Rispa, nikamfuata nyuma.

Sitaki mtu adhani tulipatana siku hiyo. Nilikaa ndani, Rispa na yule mvulana wakalazwa juu ya gunia kando ya ubao, lakini mimi sikumwita Mwalimu. Nikitaka kitu nilisema "wewe", au nilikohoa. Akiuliza swali ninalolijua, nilitazama mabati. Yeye hakuimba. Hakuyumba. Alikuwa mgumu ubaoni kama fito, na kila alipokosea jambo, watoto walimwambia, "Mwalimu Truphena hakufanya hivyo," na mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo. Jibu lake lilikuwa moja tu, kila mara lileile: "Najua. Mimi pia alinifundisha."

Kilichonivuta ni mahindi. Shule ilikuwa imepata gunia la yale ya njano, mazima, ya kupika na maharagwe, na chaki zilikuwa zimekwisha. Jerusa akamgawia kila mtoto konzi moja, akasema tupange herufi juu ya benchi. Nani alikuwa ameona kitu kama hicho! Tuliiandika A kwa punje, tukaiharibu, tukaiandika tena, tukanyang'anyana punje, Andisi akamshtaki jirani yake kwamba amemlia herufi. Saa nne ilipokaribia, tulikusanya punje zote tukazirudisha, zikaoshwa zikatiwa kwenye sufuria, na baadaye tukala tulichokisoma. Truphena alinifanya nizipende herufi kwa kuziimba. Jerusa alinifanya nizishike. Nilikuja kugundua kwamba vidole vyangu, ambavyo vilijua tu kufunga leso na kuosha nepi, vilikuwa na akili.

Asubuhi moja nilipanga jina zima. R, halafu i, halafu s, mgongo ukiuma, ulimi nje. Nilipomaliza lilikuwa limesimama pale juu ya mbao, Rispa, la njano tupu, na furaha ikanipanda hadi nikasahau nafsi yangu. "Mwalimu!" nikaita. "Mwalimu, njoo uone!"

Nililisikia neno hilo lilipokuwa limeshatoka. Darasa likanigeukia. Jerusa hakuja mara moja. Aligeukia ubao, akasimama pale mgongo kwetu kwa muda mrefu, na hakukuwa na chaki mkononi. Kisha akaja, akalisoma lile neno kwa kidole, akasema, "Ni yeye kabisa." Usiku ule nililala nikiwa na hatia kwa Truphena na raha kwa Jerusa, zote mbili chini ya blanketi moja. Tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu bila kukohoa, na aliyemwita Spea mbele yangu nilimfinya.

Na nilipokwisha kumkubali, wakamchukua.

Zamani watu wetu, mwanamke akifa akiacha mtoto mchanga, ukoo wake uliweza kumtoa mdogo wake aende akakae mahali pake, amlee yule mtoto na awe mke wa baba yake. Wazee walikuwa wameketi kule nyumbani, wakaamua. Jerusa alikuja siku ya mwisho akiwa na ile sweta na yule mvulana mgongoni, akasimama mbele yetu, na akafanya kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyekuwa ametufanyia. Alisema ukweli.

"Sitawaambia nimesafiri," akasema. "Naenda nyumbani kukaa na mume wa dada yangu. Wazee wamesema. Hapa sitarudi."

Nikainua mkono. "Mwalimu, ulikataa?"

Alinitazama sana. Nadhani lile swali hakuwa ameulizwa na mtu yeyote. "Kukataa ni pale unapoulizwa, Nanjala," akasema. "Mimi sikuulizwa." Kisha akatuambia tufungue mabenchi yetu, yaani tupangushe vumbi, na akatupa konzi zetu za mahindi, na tukaandika hadi saa nne kama siku nyingine yoyote. Nilimsindikiza hadi kwenye reli. Rispa alilia alipoiona ile sweta ikienda. Mimi sikulia pale. Nililia miezi mingi baadaye, nikiosha sufuria, bila sababu yoyote, na Senje akanipiga kwa kumwaga maji.

Aliyefuata alikuwa mwanamume mwenye saa mkononi. Alinikuta ndani na Rispa, akasema, "Shule si mahali pa kulelea," akaendelea na somo. Nikarudi kizingitini. Lakini Rispa sasa alikuwa anatembea, anakimbilia mitaroni, na kizingiti hakikutosha. Senje, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshainuka tena, akasema afadhali nikae. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akisuka ungo wa maneno mengine na jirani, akalitupia hilo katikati: Nanjala atakaa. Wala mimi sikuulizwa. Hapo ndipo elimu yangu ilipokomea, kwenye majina ya watu niliowabeba.

Sasa nakaa Kawangware, upande wa kituo cha matatu za 46. Niliolewa na fundi wa mawe, Mungu amlaze pema, akanihamishia huku, na miaka ya mwanzo niliwauliza wazee wa mtaa nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa akitembea hadi Kibera. Hakuna aliyeijua. Jerusa naye, kama yu hai, ni bibi kunizidi mimi. Napika chapati kando ya barabara ya kwenda Riruta, magoti yamekufa, lakini mdomo mzima, na nina mjukuu, Shantel, ambaye nitamsifu hapa, na msomaji atakayechukia asiendelee kusoma. Mtoto wa binti yangu Lilian. Juzi alinisomea karatasi ya dawa yangu yote, mpaka yale maandishi ya sisimizi kule chini, kwa Kiingereza, kisha akaigeuza kwa Kiswahili, kisha akaniuliza kwa nini sinywi na chakula kama ilivyoandikwa. Nilitaka kumfungia barabara watu wasimame wamsikie.

Muhula huu mwalimu wake amekwenda likizo ya uzazi. Aliwaaga watoto mwenyewe, akawaonyesha tumbo, akawaambia atarudi, nao wakampigia makofi. Shantel aliponisimulia hivyo, chapati iliniungulia kwenye kikaango nikiitazama. Anayeshikilia ni kijana mwenye viatu vya ncha kali, na Shantel hamtaki. "Shosho, huyo ni mtu wa kushikilia tu, hata majina yetu hajui." Nikamwambia, mwambie jina lako. Kesho mwambie tena. Alinitazama kama nimezeeka. Sikumweleza zaidi, nilimfutia mdomo mafuta ya chapati, akaenda.

Wiki iliyopita Lilian alikuja kibandani kabla ya kwenda kazini saluni. Amejifungua majuzi tu, na yaya wake ametoroka. Alikuwa amemshika mtoto mkono mmoja na simu mkono wa pili, macho mekundu, na sikatai kwamba amechoka, namwona. Alisema amefikiria, Shantel akae nyumbani kidogo, mpaka muhula uishe. "Kwani sahii anasoma nini, Mama? Mwalimu mwenyewe ni wa kushikilia."

Nilizima jiko. Wateja walikuwa wamesimama, wacha wasimame.

"Shantel hatoki shuleni. Mtoto nitamshika mimi."

Alicheka, akidhani ni maneno. "Na hayo magoti? Na hii kazi utaifanya saa ngapi? Mama, kuwa serious. Ni wiki chache tu, na yeye mwenyewe nimemuuliza, amesema ni sawa."

Nilifungua leso kiunoni, nikaikung'uta unga, nikainama kidogo mbele yake ili aniwekee yule mtoto mgongoni.

"Shantel hatoki shuleni. Mtoto nitamshika mimi."